Sufuria za Jumatano

Mfuko wenyewe ulikuwa mweusi, umefungwa fundo zuri, umewekwa getini kwa ustaarabu kabisa. Hakuna ambaye angeutilia shaka. Mama Pacha aliinama, akaukumbatia kama alivyokwisha kukumbatia mifuko isiyo na idadi, akaunyanyua ili autupe nyuma ya lori. Ulipofika usawa wa kifua ukapasuka, na kikaango kikuukuu kilichovunjika mpini kikateremka kwenye kiganja chake kama kisu cha buchani.

Mwenzake aliyekuwa upande wa pili wa lori alisikia sauti moja fupi, akazunguka mbio. Huyo mwenzake ndiye mwenye habari hii. Jina la kwenye kitambulisho analo, ila mtaani na kazini hakuna anayelitumia; wote humwita Kengele. Zamani lori lao liliharibika honi, na manispaa ikawa inazungushana na mafundi wiki nenda wiki rudi. Wakati huo wote yeye ndiye aliyetangulia kwa miguu akiwaita watu watoe taka, na sauti yake ilikuwa inakata kona kabla lori halijaingiza gia. Honi ilipotengenezwa, watu walilalamika. Walisema ile ya kwanza ilikuwa na heshima zaidi.

Siku ile Kengele hakuita mtu. Alivua kitambaa alichojifunga kichwani, akakizungusha kwenye kiganja cha mwenzake, akauinua ule mkono juu, kisha akamwambia dereva aache kila kitu aelekee hospitali. Wakapita katikati ya mji lori likinuka, wamebanana mbele watatu, Kengele kaushikilia mkono wa Mama Pacha juu kama mtu anayemulika taa.

"Watoto nimewaahidi nitawasuka leo," Mama Pacha akasema, midomo imemkauka. "Wote wawili."

"Watasukwa. Nitawasuka mimi."

"Wewe kusuka hujui."

"Basi watakuwa na vichwa vibaya kwa siku moja. Tulia."

Mkono ulishonwa, ukapona, ila vidole viwili havikukunjika tena. Mtu asiyeweza kufumbata mkono hawezi kuning'inia nyuma ya lori, kwa hiyo Mama Pacha akahamishiwa kwenye kituo cha kuchambulia taka, akawekwa meza ya chupa. Hakulalamika. Kengele ndiye aliyelalamika kwa niaba yake, tena kwa muda mrefu.

Kwanza alirudi kwenye ile nyumba. Alikwenda amejiandaa, maneno kayapanga kooni, yote makali. Mwenye nyumba akamfungulia geti, akamsikiliza mpaka mwisho, akakaa chini pale pale kwenye ngazi akaanza kulia. Alipopata sauti akauliza swali moja tu: "Sasa dada yangu, kile kikaango ningekiweka wapi?"

Kengele akaketi kando yake pale ngazini, maneno yake makali yamekwisha.

Maana chupa zilikuwa na siku yake. Makaratasi yalikuwa na siku yake, na makopo vilevile. Lakini sufuria iliyotoboka, birika lililoliwa na kutu, kikaango cheusi kilichobanduka, hivyo havikuwa na mahali. Wenye mikokoteni ya vyuma chakavu walipita mitaani wakinunua alumini nzima nzima, ile laini inayoyeyuka haraka. Vikaango vyenye mipini ya plastiki, bakuli za bati zilizomeguka rangi, trei zilizopinda, waliviangalia wakavirudisha. Ndipo watu wakawa wanavificha ndani ya taka za kawaida, chini kabisa, wakavifunga na fundo zuri.

Basi Kengele akaanza kwenda kwa meneja.

Meneja wa kituo alikuwa mama mtaratibu ambaye ukimweleza jambo hutazama dirishani, mpaka unadhani mawazo yake yako sokoni, kumbe amelishika neno kwa neno. Hakuwa mtu mbaya. Alimweleza Kengele hali ilivyo. Mashine yao ya kubana ilitengenezwa kwa ajili ya makopo, na kopo hukunjika, sufuria hukataa. Kiwanda cha kuyeyusha hakitaki vitu vilivyorundikwa ovyo, kinataka marobota yaliyobanwa vizuri. Na manispaa haijatenga gari la kazi hiyo.

"Nimekuelewa," Kengele akasema.

Akarudi tena baadaye. Safari hii alibeba gunia, akalimwaga sakafuni mbele ya meza ya meneja: kila chombo cha kupikia alichokitoa ndani ya mifuko ya taka tangu walipoonana mara ya mwisho. Kulikuwa na karai lenye ncha kama msumeno. Meneja alilitazama, akatazama dirishani, akasema atauliza juu.

Ikawa ndiyo desturi. Kila mkutano wa wafanyakazi ukifika mwisho na mwenyekiti akisoma "Mengineyo", dereva wa lori lao alikuwa akinong'ona, "Sufuria," na kweli Kengele anasimama. Wenzake walicheka, lakini walimwachia nafasi aseme, kwa kuwa hapakuwa na hata mmoja wao asiye na kovu. Na kila aliposema alikuwa mpole, hakumtukana mtu, hakumsingizia mtu uvivu. Alieleza kilichotokea, akauliza sasa tufanyeje, akakaa. Kama hapakuwa na jibu, alisubiri mkutano mwingine.

Hatimaye meneja akapata kiwanda kilichokubali kupokea vyombo vya kupikia vya kila aina, ilimradi vimebanwa. Manispaa nayo ikaridhia majaribio: njia moja tu, ya lori la Kengele, kila Jumatano. Vyombo vioshwe, viwekwe wazi kando ya pipa, visifichwe mfukoni.

"Ikienda vizuri tutapanua mji mzima," meneja akamwambia. "Ikienda mrama, usinilaumu."

"Sitakulaumu," Kengele akajibu. Akatoka ofisini mwepesi, akapita meza ya chupa, akamshika Mama Pacha mabega kwa nyuma akamtikisa. Mama Pacha akaelewa.

Sasa hapa ndipo penye ugumu wa habari yenyewe. Kengele alikuwa na kaka, na kaka yake alikuwa mtu wa mkokoteni.

Baba yao alifariki Kengele akiwa mdogo wa kubebwa. Kaka ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuzipenda hesabu shuleni. Akaviweka vitabu juu ya kabati, akaazima mkokoteni wa jirani, akaingia mitaani kununua vyuma chakavu. Sufuria za watu ndizo zilizomlisha mama yao mpaka mwisho wa uhai wake. Ndizo zilizomvika Kengele sare ya shule. Na Kengele alipopata kazi ya kuzoa taka, shangazi na wajomba wakawa wanalitaja jambo hilo kwa sauti ya chini kama msiba, kaka peke yake ndiye aliyekuja na jozi ya buti ngumu mpya, akampigia goti chini na kumfungia kamba. "Zinakubana?" akamwuliza.

Kengele alijua kwamba Jumatano ikianza, alumini yote ya njia ile, ambayo kaka yake alikuwa akiinunua, itapanda lori. Alijua na alikusudia kumwambia. Kila Jumapili alikwenda kwake, neno liko kwenye ncha ya ulimi, na kila Jumapili wifi yake akamimina chai, mazungumzo yakaenda kwenye bei ya sukari na meno ya watoto, akarudi nyumbani nalo. Mwanamke asiyeogopa mkutano mzima wa manispaa alimwogopa mtu mmoja aliyekaa kwenye kigoda akipuliza chai.

Kwa hiyo kaka yake aliisikia kwenye kipaza sauti cha gari la matangazo, akiwa katikati ya barabara na mkokoteni mkononi.

Alikuja siku hiyo hiyo jua likiwa bado halijatua. Alisimama mlangoni kwa dada yake, hakuingia.

"Hilo gari linasema kweli?"

"Karibu ndani kwanza, kaka."

"Nimeuliza."

"Linasema kweli."

"Na wazo ni la nani? Maana kuna mama mmoja kule juu ananiambia ni la yule dada mwenye sauti."

Kengele akaitikia kwa kichwa.

Kaka yake aliangalia viganja vyake, akavifuta kwenye suruali. "Hizo sufuria nimezisukuma tangu wewe hujui kufunga kamba za viatu," akasema. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Leo unazipa lori bure. Umenimwagia unga, mdogo wangu, na hata hukuniambia nisogee pembeni."

Akaondoka. Jumapili iliyofuata Kengele alipokwenda, wifi alimpokea vizuri, chai ilikuwepo, kigoda kilikuwa kitupu.

Jumatano ya kwanza ilikuja na kelele zake. Kengele alikuwa na wasiwasi kwamba hakuna atakayetoa kitu, kumbe watu walikuwa wanaisubiri siku hiyo kama waliokuwa wamebanwa. Vyombo vilipangwa kando ya mapipa mtaa mzima. Bwana mmoja alitoa birika ambalo mkewe alikuwa amemkataza kulitupa, akaomba lipandishwe haraka kabla mkewe hajarudi kutoka uani. Mke akarudi, wakatazamana, kumbe naye alikuwa ameficha kikaango cha bwana huyo nyuma ya mgongo. Bi harusi mmoja wa juzi juzi akatoa seti nzima ya sufuria, mpya kiasi, zote zimeungua chini.

"Hizi ni zawadi ya mama mkwe," akamnong'oneza Kengele. "Akikuuliza, hujaziona."

"Mama mkwe wako namjua. Ataniuliza kweli."

"Ndiyo maana nimekuja kwako, dada. Wewe una sura ya mtu asiyesema uongo."

Dereva alicheka mpaka akazima gari bila kukusudia. Lori lilijaa. Waliingia kituoni vyombo vikigongana nyuma yao kama bendi isiyofanya mazoezi, na wafanyakazi wakatoka nje kuangalia.

Haikupita hata saa moja, mashine ikasimama. Mpini mrefu wa chuma, ambao bado ulikuwa na kile kitanzi cha kutundikia ukutani, ulijipenyeza kati ya magurudumu na kuuchana mkanda kwa urefu. Kituo kizima kikalala. Wa chupa wakakaa, wa makaratasi wakakaa. Fundi wa mashine akatoka chini amejaa grisi usoni, akamwonyesha meneja ule mpini.

Meneja hakumgombeza mtu. Alimwita Kengele pembeni. "Mipini yote itoke kabla ya vyombo kuingia humu," akasema. "Yote. Sina watu wa kuifanya kazi hiyo na sitaweza kununua mkanda mwingine. Nakupa nafasi ujaribu. Ukishindwa, tuache."

Jumatano iliyofuata wakajaribu wenyewe, barabarani, yeye na vijana wawili wa lori, kwa bisibisi na nyundo. Skrubu zilikuwa zimeota kutu hazijui kulia wala kushoto. Mipini mingine haikuwa na skrubu, imepigwa ribiti, ile misumari iliyopondwa vichwa pande zote mbili, na ribiti ukiigonga inakuchekea. Jua likapanda, mtaa wa kwanza haujaisha. Mitaa ya mbele watu walikaa na vyombo vyao na taka zao wakingoja lori lisilofika, na waliokuwa wanapiga makofi Jumatano iliyopita sasa wakaanza kupiga simu.

"Tukienda mwendo huu," dereva akasema akiwa ameegemea usukani, "mtaa wa mwisho nitaufikia nikiwa babu."

Kengele alikuwa amechuchumaa kwenye ukingo wa barabara, sufuria kaibana kwa magoti, jasho linamwingia machoni. Alijua vizuri nani anaweza kuifanya kazi ile. Utotoni alikuwa akilala kwa mlio wake: kaka yake uani, akivunjavunja vyombo kabla ya kuvipeleka kwa mnunuzi mkubwa, mpini huku, mwili kule, haraka kama mtu anayemenya maganda.

Akamwendea wifi yake kwanza.

"Wifi, kaka yako anakula, anaoga, analala," wifi akasema. "Kusema ndio hasemi. Mimi naongea na ukuta wenye ndevu."

"Nimpate wapi?"

"Mchana hupumzika pale kwenye kibaraza cha duka la rangi. Nenda. Ila usianze na maelezo yako marefu, nakujua."

Alimkuta ameketi, mkokoteni kando yake, ndani yake rimu ya baiskeli na kopo moja la rangi. Kengele akaketi pia, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Umekuja kuomba radhi au kuomba kazi ifanyike?" kaka yake akauliza akiangalia barabara. "Nimesikia mashine yenu imeumia."

"Vyote viwili."

"Anza na kimoja."

"Nilipaswa kukuambia mapema, uso kwa uso, na sikufanya. Niliona haya. Nisamehe, kaka."

"Hilo nimelisikia," kaka yake akasema. "La pili usiliseme."

"Mama Pacha vidole vyake..."

Kaka yake akamgeuzia viganja vyote viwili. Vilikuwa na mistari myeupe, mingine mirefu, mingine kama herufi. "Na mimi? Hizi nani alinishona? Nani aliniwekea Jumatano?"

"Hakuna," Kengele akasema.

"Basi."

Alisimama, akashika mkokoteni, akaenda zake. Kengele alibaki pale kibarazani mpaka mwenye duka akamwuliza kama anahitaji rangi.

Mtu mwingine angekwenda nyumbani kulala. Yeye alikwenda moja kwa moja kwa meneja, na safari hii hakuzungumzia sufuria. Alizungumzia watu wa mikokoteni: kwamba wao walikuwa wakiifanya kazi hii kabla manispaa haijaifikiria, kwamba lori limepita juu ya riziki yao bila hata kuwasalimia, na kwamba kituo kinatafuta mikono huku mikono imekaa vibarazani. Wapewe meza, wapewe glavu, walipwe kama wafanyakazi wengine. Meneja alitazama dirishani kwa muda mrefu.

"Wanatuona wezi sasa hivi," akasema. "Watakuja?"

"Sijui."

"Na kaka yako?"

"Huyo namjua. Haji."

"Mlete yeyote nimwone akifanya kazi. Nikimwona, nina la kuwaambia wakubwa."

Jumatano ikafika, na Kengele hakuwa na wa kumleta. Wenye mikokoteni aliowafuata walimsikiliza kwa adabu, wakasema watafikiri. Alishuka kwenye lori na patasi mpya aliyoinunua mwenyewe, akachuchumaa, akaanza na sufuria kubwa ya kupikia shughuli, yenye masikio mawili yaliyopigwa ribiti nene. Akagonga. Akagonga tena. Patasi ikateleza, ikachora mstari kwenye lami.

Kwenye kona ya mtaa alikuwa amesimama mtu na mkokoteni. Kengele alimwona kwa pembe ya jicho akajifanya hajamwona. Mtu huyo hakusogea. Alitazama tu, na kadiri alivyotazama ndivyo uso wake ulivyozidi kukunjamana, kama mtu anayesikiliza wimbo anaoujua ukiimbwa vibaya. Kengele akagonga mara nyingine, kwa nguvu zake zote, na ncha ya patasi ikameguka.

"Unaua patasi," sauti ikasema juu ya kichwa chake.

Hakuinua uso. "Ndiyo niliyonayo."

"Toka hapo."

Akatoka. Kaka yake akaacha mkokoteni katikati ya njia, akaitazama ile patasi akaitupa pembeni, akatoa yake kiunoni, fupi, nyeusi kwa mafuta ya mikono. Akaipindua sufuria kifudifudi juu ya ukingo wa barabara. Hakuigonga ribiti kichwani. Aliilaza patasi ubavuni kabisa, akapiga mara moja, kidogo tu. Sikio la sufuria likadondoka. Akageuza. La pili likadondoka. Akanyoosha mkono bila kuangalia, Kengele akamkabidhi nyingine.

Hawakuzungumza mtaa mzima. Dereva alikuwa akisogeza lori polepole, hakuthubutu hata kuwasha redio. Watoto wakakaa barazani kutazama, na mama zao nyuma yao. Kaka alikuwa akigonga chombo kwa kucha, akasikiliza, akakitupa kwenye rundo lake: alumini hapa, chuma pale, bati kule. Skrubu zilizoota kutu alizidondoshea mafuta kutoka kwenye kichupa, akaendelea na nyingine, akirudi zimelainika. Walipomaliza mtaa wa pili aliinuka, akajishika kiuno, akasema neno lake la kwanza kwa dada yake tangu alipomwambia atoke.

"Hizo glavu zenu ni za kuoshea vyombo. Nani aliwanunulia?"

"Manispaa."

Akatikisa kichwa, akachuchumaa tena.

Aliingia nao kituoni, ameketi nyuma juu ya marundo yake, mkokoteni wake umefungwa kamba ubavuni mwa lori. Meneja alikuwa amesimama kwenye mashine, na fundi kando yake, wote wamekunja mikono. Rundo la kwanza likaingia, robota likatoka upande wa pili, la mraba, limebanwa barabara. La pili nalo. Fundi akainama akausikiliza mkanda kama daktari, akainuka akasema haulalamiki.

Lakini kaka hakuwa akiangalia mashine. Mama Pacha alikuwa amekuja kutoka meza ya chupa, na macho ya kaka yalikuwa kwenye mkono wake.

"Ndio huu?"

"Ndio huu, kaka."

"Hebu kunja."

Akakunja. Vidole vitatu vilitii, viwili vikabaki vimenyooka. Kaka akauchukua ule mkono, akaugeuza taratibu kwenye mwanga, kisha akaweka kiganja chake kando ya kile cha Mama Pacha. Wakatazama makovu yao pamoja, wakiyanyooshea vidole, hili la nini, hili la birika, hili la karai. Kuna mahali Mama Pacha alicheka. Kengele alikuwa hatua chache tu kutoka hapo na hakuwasogelea.

"Wewe ulishonwa vizuri," kaka akamwambia Mama Pacha mwishoni. Halafu akamgeukia meneja. "Nina wenzangu wanaosukuma mikokoteni upande huu. Si mimi tu. Nikija, tunakuja wote. Na glavu ziwe za ngozi."

Hawakuja wote. Mzee mmoja wa mikokoteni alimwambia kaka hadharani kwamba amewauza wenziwe, na hadi leo wakikutana mzee yule huvuka barabara. Jambo hilo lilimuuma kaka na halijaacha kumuuma. Lakini waliokuja walijengewa kibanda chenye meza ndefu na paa la bati, wakaingizwa kwenye orodha ya mishahara, na wakaruhusiwa kuendelea kununua mitaani kile ambacho lori halichukui. Njia ya pili ikaongezwa, kisha ya tatu. Mwaka ulipogeuka, mji mzima ulikuwa na Jumatano, na gari la matangazo lilipopita kwenye mitaa mipya, Mama Pacha ndiye aliyekuwa akishuka na kubisha hodi. Hakuhutubia mtu. Aliwapungia mkono tu, wakauona, wakaenda jikoni kutafuta walichonacho.

Tangu mpango umeenea, hakuna mzoa taka wa kituo kile aliyekatwa na kikaango kilichofichwa. Ukimsifia Kengele kwa hilo atakwambia meneja alihangaika, fundi alihangaika, kaka yake ndiye aliyeijua kazi. Ni kweli yote. Lakini waliofanya naye kazi wana lao la kuongeza. Wanasema watu wenye wazo zuri ni wengi na wenye hasira ya haki ni wengi zaidi, ila mtu anayeweza kukataliwa, akarudi kwa upole, akakosea, akakiri, akarudi tena kwa upole ule ule, huyo wamemwona mmoja. Mama Pacha husema kwa kifupi zaidi: "Yule hachoki na mtu."

Kuhusu ndugu hao wawili, mambo hayakurudi kama zamani kwa siku moja. Kaka alianza kwa kukaa Jumapili kwa muda wa kikombe kimoja. Baadaye vikawa viwili. Siku moja, wifi akiwa jikoni, alisema, bila kuinua macho kwenye chai yake, "Siku nyingine uniambie kwanza." Kengele akasema atamwambia. Hawakuligusa tena.

Siku hizi meneja ana tatizo jipya. Kaka yake Kengele ameingiwa na wazo kwamba mbavu za miavuli mibovu na waya za viti nazo zinafaa kukusanywa, na ameanza kumfuata ofisini. Wiki iliyopita Kengele alipita ukumbini akauona mlango wa meneja uko wazi, akasikia kitu kikimwagwa sakafuni kwa kishindo kutoka kwenye gunia.

"Mashine yetu haijatengenezwa kwa miavuli," meneja alikuwa akisema.

"Nimekuelewa," kaka akajibu, na Kengele akasikia kiti kikivutwa, mtu akikaa.